SOMO: KULITAMBUA YUNGIYUNGI KABLA YA KUNG'OA GUGU MAJI



Chama kilicho kando ya Ziwa Victoria kinapopanga siku ya kusafisha mwalo, lengo huwa ni kuondoa gugu maji. Kazi hiyo ni ya lazima, kwani gugu maji hufunga njia za mitumbwi na kuharibu nyavu. Lakini panga halichagui. Yungiyungi, mmea wa asili wa ziwa letu, hukatwa pamoja nalo, na hasara humrudia mvuvi mwenyewe.

1. Namna ya kuitofautisha mimea hii

Yungiyungi lina tunguu na mizizi ndani ya tope. Majani yake ni ya mviringo, yenye mpasuko mmoja, nayo hulala bapa juu ya maji. Ua lake la buluu huchanua mchana na kujifunga jioni. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, likaonekana ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1980. Lenyewe huelea; vikonyo vyake vimevimba, na maua yake ya zambarau hafifu husongamana katika bua moja.

2. Faida za yungiyungi

Watoto wa sato na furu hujificha kati ya vikonyo vyake wasiliwe na sangara. Nyuki huchuma chavua ya maua yake. Yuko pia ndege mwenye vidole virefu atembeaye juu ya majani hayo na kutaga papo hapo. Dume ndiye aatamiaye mayai na kulea makinda. Maji yapunguapo majani hufa, lakini tunguu hubaki hai topeni, likachipua tena maji yarudipo.

3. Yapasayo kufanywa

(a) Kabla ya kazi, katibu awaonyeshe wanachama mmea mmoja wa kila aina.
(b) Gugu maji lirundikwe nchi kavu, mbali na maji, hadi likauke.
(c) Yungiyungi likatwe pale tu linapoziba njia ya mitumbwi.
(d) Mtu asilime hadi ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ziwezazo kudhuru ufuko ndani ya mita 60 kutoka ziwani.

Maswali ya majadiliano

1. Katika mwalo wetu, yungiyungi limebaki sehemu zipi?
2. Nani atasimamia sehemu hizo siku ya usafi?
3. Mashamba yetu yako umbali gani kutoka majini?

Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.