Winchi ya mafuta kwenye gari ya kooperative: tupime mbele ya kufunga



Mvua ya mwezi wa tisa ikianza, njia za milima ya Lubero zinageuka matope. Gari iliyobeba viazi inakwama, vijana wanaitwa kusukuma, wanalipwa, kisha mbele kidogo inakwama tena. Viazi vinalala njiani, na soko la Butembo halingoji mtu. Ndiyo sababu wanachama wanatuuliza juu ya winchi, ile mashine ya kujivuta ambayo kwa Kifaransa wanaita treuil. Katika somo hili tunaangalia winchi inayofanya kazi na mafuta. Ni mashine yenye kusaidia sana, lakini ikifungwa vibaya inaharibu gari na inaweza kuua mtu.

Inafanya kazi namna gani?

Winchi ni ngoma ya chuma iliyozungushiwa kamba. Kuna ya umeme na kuna ya mafuta. Ile ya umeme inakula batri na inapata moto haraka, sherti uipumzishe. Ile ya mafuta inazungushwa na mafuta yanayosukumwa na pampu ya usukani, ileile inayofanya usukani uwe mwepesi. Inavuta polepole, lakini inaweza kuvuta muda mrefu bila kumaliza batri. Ubaya wake ni huu: motere ikizimika, winchi nayo imekufa. Gari ikimeza maji katikati ya mto, winchi ya mafuta haitakutoa.

1. Angalia pampu mbele ya kutoa pesa

Gari nyingine za zamani hazina pampu ya usukani, na zingine mpya usukani wao unasaidiwa na umeme. Kwa hizo, winchi ya namna hii haitapata mafuta ya kuizungusha. Na kama pampu iko lakini inalia ao inavuja, itengenezwe kwanza. Winchi haiponyeshi pampu iliyochoka, inaimaliza.

2. Pima uzito

Tufanye hesabu. Gari iko na kilo 2000, mzigo wa viazi kilo 1000. Jumla ni kilo 3000. Zidisha mara moja na nusu: unapata kilo 4500. Hiyo ndiyo nguvu ya winchi ya kutafuta, kwa sababu matope yanavuta pia.

Mujue tena: nguvu iliyoandikwa juu ya winchi ni ya mzunguko wa kwanza wa kamba, ule unaogusa ngoma. Kamba ikipandana juu ya ngoma, nguvu inapunguka. Kwa hiyo kuitoa kamba mrefu ni vizuri, lakini usiitoe yote: kamba ya chuma ibakie walau mizunguko mitano kwenye ngoma. Bila hiyo itachomoka.

3. Ifungwe kwenye shasi

Pareshoki peke yake haiwezi kubeba nguvu hii. Winchi ikifungwa hapo, siku ya kuvuta pareshoki inang'oka na gari inabakia ndani ya matope. Sherti kuwe sahani nene ya chuma iliyoshikwa na shasi yenyewe, na bulo za nguvu ambazo kitabu cha winchi kinaomba. Angalia kichwa cha bulo: namba kama 8.8 ao 10.9 inaonyesha nguvu yake. Bulo isiyo na namba, usiiamini. Kazi ya kutoboa ao kuchomea shasi muachie fundi anayeijua. Winchi isizibe upepo unaopoza motere.

4. Mipira na mafuta

Mafuta yanatoka kwenye pampu, yanapita kwenye kifaa cha kuyagawa. Winchi ikipumzika, yanaendelea kwenye usukani. Winchi ikiitwa, yanaenda kuizungusha. Mipira iwe ile ya mafuta yenye nguvu. Mpira wa maji uliofungwa na waya utapasuka. Ipite mbali na bomba la moshi, mkanda wa motere na magurudumu.

Tia mafuta ya aina inayoandikwa katika kitabu cha gari. Washa motere, zungusha usukani kushoto na kuume, kisha zungusha winchi bila mzigo, ili hewa itoke. Pima mafuta tena na uongeze. Ukitafuta mahali panapovuja, tumia kipande cha karto, usipitishe mkono: mafuta yenye nguvu hiyo yanaweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini.

5. Watu wakae mbali

Kamba iliyokazwa iko sawa na mpira wa manati. Ikikatika, inarudi na nguvu yote. Na sisi tunajua: gari ikikwama, watoto wote wa kijiji wanakuja kuangalia. Basi:

– Mtu mmoja tu anatoa amri.
– Watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba iliyotoka. Hakuna kuiruka wala kupita juu yake.
– Tupa gunia lililolowa katikati ya kamba, ili ikikatika isiruke sana.
– Kamba ya chuma ishikwe na ganti za ngozi.
– Mti uzungushiwe mkanda mpana, chini karibu na mizizi. Kamba yenyewe inakata ganda na kuua mti. Usichague mti mchanga.

Kisha kufunga

Mkutano mkuu uamue nani ana ruhusa ya kuitumia, na pesa gani itawekwa kando kwa mafuta, mipira na kamba mpya. Kamba yenye nyuzi zilizokatika isirudi kazini. Na salongo ya kuzibua mitaro isiachwe. Winchi inatoa gari moja, lakini mtaro unaookoa njia unasaidia gari zote.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Gari yetu iko na pampu ya usukani? Iko nzima?
2. Ikijaa mzigo, inafika kilo ngapi?
3. Siku gari inakwama, nani atawaondoa watoto?