Vita vya Dini Katika Buganda, na Fundisho Lake kwa Nyumba Zetu



Vijana wetu wa shule hupenda kusoma hadithi za kubuni juu ya dola zilizo mbali, kati ya nyota. Mojawapo ijulikanayo sana ni Dune, aliyoitunga Mmarekani Frank Herbert mwaka 1965. Humo watu wa sayari ya jangwa wamepandiwa imani kwa makusudi na watu wa mbali. Halafu kijana wa ukoo wa watawala, aliyenyang'anywa urithi wake, anaishika imani hiyo kama upanga na kuutwalia kiti cha enzi. Mzazi aweza kuuliza: ndoto kama hizo zatufaa nini? Twamjibu: hadithi ni ya kubuni, lakini jambo lenyewe si la kubuni. Lilitukia karibu nasi, ng'ambo ya ziwa lile lile ambamo Mto Mara humwaga maji yake.

Kabla ya kuvuka ziwa, tutazame kwanza mlangoni petu. Mkatoliki wa Nyarero, katika Wilaya ya Tarime, haishi peke yake. Jirani yake aweza kuwa Msabato, mkwe wake Mmenoniti au Mwanglikana, mwenye duka Mwislamu, na babu yake mzazi huenda hakubatizwa kamwe. Siku zote husaidiana katika mavuno na katika mazishi. Lakini unapokaribia wakati wa uchaguzi, au kazi inapogawanywa, neno moja huanza kupita kwa minong'ono: "Huyu ni wa dini yetu, tumpe sisi." Neno hilo laonekana dogo, tena lenye mapenzi. Buganda yatuonyesha laweza kufika wapi.

WAGENI BARAZANI MWA KABAKA

Kabaka Mutesa wa Kwanza alitawala tangu mwaka 1856 mpaka 1884. Waislamu wa pwani walikuwa wamekwisha kufika kwa biashara tangu miaka ya 1840, siku za baba yake Suna. Mutesa alijifunza mambo ya Uislamu, akafunga Ramadhani kwa miaka mingi, akawaamuru na wakuu wake wafunge. Hata hivyo, vijana Waislamu wa ikulu yake walipokataa kula nyama ya mfalme kwa kuwa mchinjaji hakutahiriwa, aliona wanamdharau. Mwaka 1876 wengi wao waliuawa kwa moto Namugongo. Yatupasa kukumbuka kwamba mahali pale tunapopaheshimu sisi, Waislamu walitangulia kufa kwa ajili ya dhamiri yao.

Wakati huo majeshi ya Misri yalikuwa yakisogea kutoka kaskazini, na Mutesa alitafuta rafiki mwenye bunduki. Mwaka 1875 alimpokea Stanley na kuomba walimu wa Kikristu. Wamisionari Waanglikana walifika Juni 1877. Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans, wote wawili wa shirika la Mapadre Weupe, walifika Februari 1879. Basi barazani mwa mfalme mmoja kukawa na dini tatu za wageni, pamoja na desturi za kale za nchi.

Tukiri pia kosa la upande wetu. Lourdel na Mackay, Mwanglikana, walibishana mbele ya Mutesa, kila mmoja akimpinga mwenzake kama watu wanaoshindana katika kesi. Walikuwa watu wa imani ya kweli na ushujaa mkubwa. Lakini mfalme aliyewasikiliza hakuuliza tu ni nani mwenye kweli. Aliuliza moyoni pia ni nani atakayemletea baruti. Tangu siku zile Mwafrika aliyefundishwa na Mapeera aliitwa "Mfaransa", na aliyefundishwa na Mackay aliitwa "Mwingereza", ingawa wote wawili walizaliwa Buganda na hawakupata kuiona bahari.

DAMU ILIYOMWAGIKA PAMOJA

Mutesa alipokufa mwaka 1884, alitawazwa mwanawe Mwanga, kijana aliyejaa hofu. Wazungu walikuwa wakitwaa nchi za pwani, na ilisemwa kwamba wataimeza Buganda kutoka upande wa mashariki. Januari 1885 vijana watatu Waanglikana waliuawa kwa moto. Oktoba mwaka huo Askofu Hannington, Mwanglikana, aliyekuja kwa njia ya mashariki, aliuawa Busoga. Novemba akakatwa kichwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki, aliyemlaumu mfalme kwa kifo cha Askofu huyo. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto siku ile ile.

Tusipite hapa upesi. Mkatoliki alitoa uhai wake kwa sababu, pamoja na mengine, alimtetea Askofu asiye wa Kanisa lake. Wala mwuaji hakuwatenga watu wa Mapeera na watu wa Mackay. Mbele ya moto ule hakukuwa na Mfaransa wala Mwingereza.

VYEO VINAGAWANYWA

Mwaka 1888 Mwanga alikusudia kuwamaliza wote wenye dini mpya, Wakristu na Waislamu. Habari zikavuja, nao wakaungana wakamwondoa mwezi wa Septemba, wakamtawaza ndugu yake Kiwewa. Umoja ule haukufikisha miezi miwili. Mwezi wa Oktoba Waislamu waliwafukuza Wakristu. Na Kiwewa alipokataa kutahiriwa, wakamweka Kalema badala yake. Mwanga alikimbilia kusini ya ziwa, akafika Magu, kisha akapokelewa na Mapadre Weupe huko Bukumbi, karibu na Mwanza. Watu waliolia juu ya vijana wao waliochomwa sasa walimlisha yule aliyewachoma. Huo ulikuwa Ukristu bila unafiki.

Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana bega kwa bega mpaka Mwanga akarudishwa kitini, kwanza Oktoba 1889, na kwa uthabiti zaidi Februari 1890. Hapo ndipo lilipotendeka jambo lililo kiini cha somo letu. Ili pasiwe na ugomvi, vyeo vya nchi viligawanywa kwa dini. Apolo Kagwa, Mprotestanti, akawa Katikiro, yaani waziri mkuu. Stanislas Mugwanya, Mkatoliki, akapewa cheo kikubwa cha Kimbugwe. Cheo cha Mprotestanti kilifuatwa na cha Mkatoliki, kwa zamu, mpaka kwa watwana wadogo. Tena ikakubaliwa kwamba mwenye kubadili dini atakiacha cheo chake.

Mpango huo ulionekana wa haki na wa amani. Lakini fikiri, ndugu msomaji, matokeo yake. Katika Buganda cheo kilikuwa ni ardhi, na ardhi ni watu, migomba na chakula. Tangu siku ile mtu aliyeguswa moyoni na mafundisho ya upande wa pili alijua kwamba akimfuata Mungu jinsi dhamiri yake inavyomwelekeza, watoto wake watafukuzwa shambani. Na mtu asiye na imani yoyote alijua kwamba akijiandikisha kwa ukatekumeni ataweza kupata kijiji. Dhamiri ikafungwa kamba na shamba. Tangu hapo si rahisi kutambua ni nani asaliye na ni nani alindaye urithi wake.

MENGO, JANUARI 1892

Wakati huo huo watawala wa Ulaya walikuwa wakigawana nchi zetu. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yalichora mstari kutoka upande wa Kilimanjaro mpaka ziwani, na mstari huo ukawagawa Wakurya. Hata leo ndugu wa ukoo mmoja ni raia wa Kenya na wa Tanzania. Mapatano ya mwaka 1890 yaliuendeleza mstari huo kuvuka ziwa, na Buganda ikaangukia upande wa Waingereza. Mwezi wa Desemba mwaka huo Kapteni Lugard alifika Kampala kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza, akajenga boma kilimani.

Januari 1892 Mprotestanti mmoja aliuawa na Mkatoliki katika ugomvi uliohusu bunduki. Baraza la Kabaka lilimwachilia mshtakiwa. Lugard hakuridhika, akataka auawe. Kesi ya mtu mmoja ikawa kesi ya dini mbili. Lugard aliwagawia Waprotestanti bunduki, na tarehe 24 Januari vita vikaanza Mengo. Mwanzoni Wakatoliki walisonga mbele, lakini bunduki za Maxim za boma ziliwarudisha nyuma. Kanisa la Rubaga lilichomwa moto. Siku chache baadaye kisiwa cha Bulingugwe, walikokimbilia Mwanga na watu wake, kilishambuliwa, na wengi walizama ziwani, wanawake na watoto pia.

Miaka sita tu ilikuwa imepita tangu Namugongo. Waliokuwa wamechomwa pamoja, sasa ndugu zao walichomeana makanisa.

Wazee husema: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Katika mapatano ya Aprili 1892 Wakatoliki walitengewa jimbo la Buddu. Familia nyingi zilibeba mizigo yao kuhamia huko, na Waprotestanti waliokuwa wakikaa Buddu walihama. Waislamu walipewa sehemu ndogo. Mwaka 1894 nchi nzima ilitangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Mwanga mwenyewe alipelekwa uhamishoni Shelisheli, na huko alikufa mwaka 1903. Kila chama cha dini kilifikiri kinapigania nchi, na nchi ikachukuliwa na mwingine.

ALAMA ILIYOBAKI

Roma ilitambua hatari ya jina lile la "Wafaransa". Kwa hiyo mwaka 1894 sehemu ya mashariki ya nchi ile ilikabidhiwa kwa Mapadre wa Mill Hill kutoka Uingereza, ili watu waone kwamba Ukatoliki si kabila la Ulaya. Hata hivyo kidonda hakikupona upesi. Ilipokaribia Uhuru, chama cha Democratic Party, kilichoundwa mwaka 1954, kilihesabiwa kuwa cha Wakatoliki, na watu walifanya mzaha kwamba herufi DP ni "Dini ya Papa". Kiongozi wake Benedicto Kiwanuka alishinda uchaguzi wa mwaka 1961, na mwaka uliofuata aliondolewa na muungano wa vyama viwili ambavyo Waprotestanti walikuwa na nguvu ndani yake. Hata baada ya miaka sabini kura ilikuwa bado ikikumbuka Mengo.

Lakini kulikuwa na dawa pia. Mwaka 1963 Wakatoliki na Waanglikana wa Uganda waliunda baraza la pamoja la Wakristu. Tarehe 18 Oktoba 1964 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa Watakatifu, na siku hiyo hiyo akawakumbuka kwa heshima Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristu. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba hakuna mtu anayepaswa kulazimishwa katika mambo ya dini, wala kuzuiwa kuifuata dhamiri yake. Twaamini kwamba waliokufa Namugongo wangeyafahamu mafundisho hayo bila kuhitaji mfasiri.

FUNDISHO KWETU

Sisi wa Tanzania tulipewa njia nyingine, na mmoja wa walioifungua alitoka Mara. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alibatizwa Nyegina mwaka 1943. Alipoongoza TANU tangu mwaka 1954, wengi wa wazee waliomlea katika siasa huko Dar es Salaam walikuwa Waislamu. Hakuficha Ukatoliki wake, wala hakuufanya kadi ya chama. Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa dini, na inakataza kuandikishwa kwa chama cha siasa chenye msingi wa dini. Wapo wanaodhani kwamba katazo hilo laipunguzia dini heshima. Mengo yatufundisha kwamba laikinga.

Basi tufanye nini nyumbani mwetu? Kwanza, tunapopiga kura tuulize habari za uaminifu wa mtu, kazi yake na jinsi anavyowatendea maskini. Mkatoliki mwizi si wetu kwa sababu ameshika rozari. Pili, tusipokee kwa ajili ya Kanisa zawadi iliyofungwa na ahadi ya kura; mwenye kutoa bati kwa paa la kigango ili anunue waamini ametoa bunduki, hata kama haitoi moshi. Tatu, mtoto wetu akivutwa na dhehebu jingine, tumfundishe, tumwombee na tumsihi. Lakini tusimnyime shamba la babu yake. Shamba likitumika kumrudisha, ataurudisha mwili tu.

Na anayeuliza, "Je, imani isiwe na nguvu katika mambo ya nchi?", twamjibu: iwe nayo, tena sana. Yosefu Mukasa aliingia katika mambo ya nchi alipomwambia mfalme kwamba ni dhambi kumwua mgeni asiye na hatia. Hakuomba cheo kwa ajili ya Wakatoliki. Aliomba haki kwa ajili ya mtu wa dini nyingine, akalipa kwa kichwa chake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwa nini Wakristu wa Buganda waliweza kufa pamoja mwaka 1886, na kupigana wao kwa wao mwaka 1892?

2. Ubaya wa kugawa vyeo kwa dini ulikuwa nini, ingawa nia ilikuwa amani?

3. Katika kijiji chetu, ni nani wa dini nyingine ambaye haki yake yahitaji kutetewa na sisi mwaka huu?