Nenda Sur, Mdogo Wangu

Haya wadogo zangu, sogeeni barazani. Kahawa ipo, tende zipo.

Wiki hii kaniandikia mdogo wangu mmoja aliyeko Muscat. Ana mwaka wa pili Oman, kazi anayo, chumba anacho, na kila mwisho wa mwezi pesa ya nyumbani inafika. Wenzake watatu wanataka kwenda mji wa pwani wa Sur kupumzika siku mbili, na moyo unamvuta. Ila anasema: "Dada, nikitaka kuitikia naona sura ya mama anangoja bati. Si nitakuwa nachezea pesa?"

Nenda, mwaya. Na nyumba ya mama itaezekwa.

Mimi nilipokuwa mgeni Oman niliishi kama mtu aliyekaa kituoni anangoja basi. Pazia sinunui, kwani nakaa? Matembezi siendi, kwani nimekuja kutembea? Mwaka wa tatu nikaenda likizo, ndugu wakanizunguka: "Tuhadithie, Oman kukoje?" Nikawaeleza kiyoyozi cha ofisini kilivyo kikali. Wakatazamana. Niliona haya, jamani.

Tuanze na hiyo pesa inayokunyima usingizi. Fungu la nyumbani usiliguse hata kwa kidole. Chezeni mchezo, nyie wanne, kila mmoja rial 5 kwa mwezi, na mshika pesa awe yule mbahili kuliko wote. Miezi mitatu ni rial 60. Gari la kukodi, mafuta na nyumba ya kulala mkigawana kwa wanne hamtaumia, na chakula kingine mkipike wenyewe. Asiye na leseni asinung'unike, mabasi ya Mwasalat yanafika Sur, ingawa ya njiani mtayaona kupitia dirishani.

Pili, siku. Mapumziko ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Ondokeni Alhamisi jioni, au Ijumaa mkishasali alfajiri. Safari yangu ya kwanza niliondoka Ijumaa saa tano asubuhi, mwezi wa Julai, na tumbo tupu. Kila duka nililosimama limefungwa, watu wako sala ya Ijumaa, na nje joto limepita digrii 40. Nilikula biskuti zilizoyeyuka mpaka saa nane. Wewe nenda kati ya Novemba na Machi, na kikapu chako cha chakula ukifunge usiku.

Njia yenyewe ni kama kilomita 200, lami safi, milima kulia na bahari kushoto. Simameni Bimmah, kuna shimo kubwa lenye maji ya kijani na ngazi za kushukia. Kisha Wadi Shab: mnavushwa kwa kijiboti, halafu mwendo wa mguu kama dakika 45 kati ya majabali, mpaka kwenye madimbwi ya kuogelea. Vaa viatu visivyoteleza. Ogelea na fulana na suruali, huko watu huja na familia zao. Simu iache pakavu, yangu ilizama nikitafuta picha ya kuwatambia watu. Na wadi, yaani bonde la mto, haina urafiki na mvua. Ikitabiriwa mvua, msiingie, hata kama juu yenu mbingu ni nyeupe. Maji hutoka milimani yakawakuta mmekaa mnakula.

Kabla ya Sur mtapita Qalhat, mji wa kale uliobaki magofu. Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika na hapo. Msidhani nyie ndio wa kwanza kuizoea njia hii.

Sur kwenyewe msiwe na pupa. Nendeni wanakounda majahazi, mnuse mbao, kisha mkalione Fatah Al Khair, jahazi lililoundwa hapo Sur mwaka 1951, sasa limepumzishwa nchi kavu. Jioni vukeni daraja mwende Al Ayjah, mkae karibu na mnara wa taa, mtazame jua likizama nyuma ya mji.

Hapo ndipo nilipomkuta mzee mmoja anashona wavu. Nikamwambia salamu aleikum, akanitazama, akajibu, kisha kwa Kiswahili cha Unguja kitamu kuliko changu: "Wewe mtoto wa wapi?" Nikasema, "Shikamoo babu, wa Tanga." Ujanani alikuwa akija Unguja na kaskazi, jahazi limejaa tende na chumvi, na kusi likivuma anarudi na boriti za mikoko. Miezi michache tu kila mwaka, lakini vichochoro vya Malindi pale Unguja alivijua kimoja kimoja, na mwuza kahawa alikuwa akikaa wapi. Naye alikuja kazini, kama mimi. Na kwao pia walikuwa wanamngoja.

Usiku, mkijaaliwa, endeleeni mpaka Ras al-Jinz kuwaona kasa wakitaga. Wekeni nafasi mapema, mnaingia kwa makundi na mwongozaji, usiku au kabla ya alfajiri, na tochi za simu ni marufuku. Kasa wengi zaidi huja wakati wa joto, lakini mwaka mzima hawakosekani. Huyo mama anatembea bahari nzima, na siku ya kutaga anaitafuta pwani ile aliyozaliwa. Kutembea hakujamsahaulisha kwao.

Na nyie wadogo zangu wa kazi za ndani, wenye siku moja tu, sijawasahau. Sur ni mbali kwenu, ila Qurayyat ni mwendo wa saa moja na kidogo kutoka Muscat, na bahari ni ile ile. Mwambie bosi wako mapema unakokwenda na saa ya kurudi, kadi ya ukaazi iwe mkobani, na shoga yako mmoja ajue uko na nani.

Jumamosi jioni, kabla hamjashika njia, nunua halua kidogo ya kula njiani, halafu mpigie mama kwa video umwoneshe hilo jahazi. Ya bati atauliza, na utamjibu kuwa fungu lake lipo. Kisha mhadithie.