Somo la Kikundi: Kuomba na Kumeza Dawa

Someni: 2 Wafalme 20:1-7 na Marko 2:1-12

Ndugu na dada wa vikundi, kifua kikuu, yaani TB, tunakijua vizuri hapa Isiolo. Tunaijua pia aibu yake. Mgonjwa hutengewa kikombe (na TB haienezwi kwa kikombe, huenezwa kwa hewa mtu akikohoa), halafu hutengewa hata mahali pa kuketi. Ndipo anajiuliza, je, Mungu ameniacha?

Hebu tumwangalie Mfalme Hezekia. Aliambiwa atakufa. Akageukia ukuta, akaomba, akalia sana, na Mungu akamwongezea miaka 15. Wengi wetu hufunga kitabu hapo. Lakini mstari wa 7 unasema nabii Isaya aliagiza tini ziletwe, zikawekwa juu ya jipu. Ahadi ilikuwa imeshatoka kwa Mungu, na dawa ikabandikwa vilevile. Isaya hakuona kwamba hiyo ni kukosa imani.

Tunalisema hili kwa sababu dawa za TB kwa kawaida humezwa miezi 6. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, mtu anapata nguvu, anarudi kuchota maji. Anasimama kanisani: "Bwana asifiwe, nimepona!" Tunapiga makofi, na kesho yake anaacha dawa. Nafuu ile ni ya kweli, tumshukuru Mungu. Lakini vijidudu vingine bado vimo mwilini, na ugonjwa ukirudi unaweza kuwa sugu, dawa zile zisiufanye kitu. Ushuhuda utolewe, ndiyo, kisha mwenyekiti aulize: "Mama, umebakisha miezi mingapi?"

Huko Wajir, mwaka 1976, Annalena Tonelli, Mkristo kutoka Italia, alianza mpango wa kuwatibu wafugaji wenye TB. Mfugaji huhama na mifugo, sasa dawa atazifuata vipi? Basi wagonjwa walikaa kwenye manyatta karibu na kituo, wakameza dawa mbele ya mhudumu mpaka wakamaliza. Wengi wao walikuwa Waislamu, naye hakubagua. Aliuawa Borama, Somaliland, tarehe 5 Oktoba 2003, akiwa bado katika kazi ya kutibu wagonjwa.

Wale wanne wa Marko 2 walimbeba mwenzao, wakatoboa paa. Yesu aliiona imani yao, si ya mgonjwa peke yake. Kwa kikundi, kubeba ni kumchungia mbuzi, kumpa nauli, kukaa naye anapomeza. Dawa zenyewe ni bure hospitali za serikali. Mkojo ukigeuka rangi ya machungwa asiogope, ni dawa. Macho yakiwa manjano, arudi kliniki siku hiyo hiyo.

Na asiyepona je? Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, ukabaki, na Mungu hakumwacha. Mgonjwa kama huyo msimwambie imani yake ni ndogo. Kaeni naye.

Maswali ya kujadili:

1. Ni nani ameacha kuja mkutanoni tangu augue? Nani atamtembelea wiki hii?

2. Mfuko wetu unaweza kulipa nauli ya kliniki mara ngapi?

3. Mgonjwa akihama na mifugo kabla ya kumaliza dawa, nani atajua, na atamwambia nani?