Kabla Lori Halijafika, Pima ya Jikoni

Mahindi yanapukuchuliwa kuanzia Makambako hadi Mbozi. Madalali wameshaanza kuzunguka na mizani zao, viazi vinashindiliwa lumbesa kando ya barabara, na mwenye parachichi anapigiwa simu na wanunuzi hata akiwa msibani. Kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini, hakuna miezi ya kushika pesa kama Juni hadi Agosti. Na ni katika miezi hiyohiyo inapoamuliwa familia yake itakula nini hadi Machi, aghalabu bila mtu yeyote kukaa chini na kuamua.

Takwimu zetu zinatia aibu. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano nchini, 30 wamedumaa. Iringa walikuwa 57. Njombe na Rukwa, takriban 50. Hii ndiyo mikoa inayojaza maghala ya taifa. Dar es Salaam, inayokula mahindi yetu, iko chini ya wastani wa nchi.

Wapo wanaohitimisha upesi kwamba tatizo ni biashara: mkulima anauza kila kitu, watoto wanabaki na ugali. Mimi nakubaliana nao nusu tu. Mwaka 2015 watafiti Sibhatu, Krishna na Qaim walichapisha matokeo kutoka kwa wakulima wadogo wa Kenya, Ethiopia, Malawi na Indonesia. Familia zilizo karibu na soko zilikula vyakula vya aina nyingi zaidi, na mara nyingi ukaribu wa soko ulisaidia kuliko kuongeza zao jingine shambani. Kwa hiyo anayekushauri uache parachichi urudi kulima ulezi na njugu mawe peke yake hajakusaidia. Uza. Pesa ni chakula pia.

Swali ni pesa inaingiaje nyumbani. Mwaka 1987 Eileen Kennedy na Bruce Cogill walitoa utafiti kuhusu wakulima wa miwa wa Nyanza Kusini, Kenya. Walioingia kwenye miwa walipata kipato kikubwa kuliko wenzao, lakini afya ya watoto wao haikuwa bora kwa kiasi cha kujivunia. Sababu zilikuwa kadhaa, magonjwa yakiwemo, maana mtoto anayeharisha kila mwezi hanenepi hata umlishe nini. Lakini uangalie muwa wenyewe: unakaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi, kisha unalipwa kwa mkupuo. Pesa ya mkupuo ina tabia yake. Huezeka bati, hulipa ada, hununua pikipiki. Yote mema. Dagaa na mboga za majani hununuliwa kwa chenji, na chenji hutoka kwenye vitu vidogo: mayai, maziwa, fungu la mnavu, sado ya maharage. Zao kubwa likiingia na kuviondoa hivyo vidogo, nyumba inapendeza na sahani inabaki nyeupe.

Na vinaondoka bila kelele. Chukua dawa ya magugu. Zamani katikati ya mahindi kulikuwa na maharage, maboga yanatambaa, na palizi yenyewe ilikuwa uchumaji: mchicha pori, mnavu, mgagani, mashona nguo laini. Mama alirudi na kanga imejaa mboga ambazo hakuna aliyezipanda. Sasa tunapanda mahindi peke yake na kupulizia dawa, nyingi zikiwa na atrazini. Atrazini haidhuru mahindi, lakini maharage na maboga huyaunguza, na masalia yake yanaweza kudhuru hata maharage yatakayofuata kwenye udongo huo. Mahindi yanaongezeka, mgongo unapumzika, gunia linauzwa. Muulize mama kwa nini leo ugali unaliwa kwa chumvi na mafuta, atakujibu: "Mboga ilikuwa shambani, mkaipulizia."

Sisemi utupe bomba la dawa. Vibarua wa palizi ni ghali na hawapatikani. Ninachosema ni kwamba robo ekari iliyo karibu na nyumba isiguswe na dawa hiyo kamwe. Iwe ya jembe: mahindi, maharage, maboga, na magugu yanayolika yaachwe hadi yachumwe.

Kitu cha pili kinachoondoka ni vinyungu. Vile vipande vya mabondeni vilivyokuwa vikitupatia mahindi mabichi, maharage na mboga kuanzia Septemba, wakati milima yote imekauka, sasa vingi vimekodishwa kwa wenye viazi na nyanya za biashara, au vimepandwa milingoti inayokunywa maji usiku na mchana. Pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji, kwa hiyo si kila kinyungu cha babu kinaruhusiwa leo. Kama chako kiko nje ya mita hizo, usikikodishe chote. Bakiza hata matuta sita. Kama huna, maji ya kuoshea vyombo na kunawia, yasiyo na sabuni nyingi, yanatosha kumwagilia magunia mawili ya sukuma wiki nyuma ya jiko. Otesha sasa, lakini wa Makete na Njombe mjini mfunike miche kwa nyasi usiku. Sakitu ya Julai haina huruma.

Cha tatu ni mikono ya mama. Zao la biashara likihitaji kuchumwa, kuchambuliwa na kupangwa kwenye kreti, yeye ndiye wa kwanza kuitwa. Mtoto wa miezi minane anabaki na dada yake wa miaka saba na kikombe cha uji mtupu wa mahindi. Hili sitalizungumza sana, kila mtu analijua. Baba, siku za kuchuma mama arudi mapema.

Hapo nifungue mabano kuhusu uji. Unga wa lishe unaouzwa madukani ukiwa na mahindi, ngano, mchele, mtama na ulezi ndani yake ni nafaka tano zilizochanganywa, yaani bado ni nafaka. Mtoto hafaidiki na wingi wa majina. Nafaka moja nzuri inatosha, kisha ndani ya sufuria ongeza kitu cha kundi jingine: maziwa, karanga zilizochambuliwa vizuri na kusagwa muda huohuo, au yai. Karanga zisisagwe pamoja na unga wa kukaa mwezi mzima, zitachacha, na iliyooza moja huambukiza debe zima sumukuvu. Mlipuko wa Dodoma na Manyara wa mwaka 2016, ulioua watu, ulitukumbusha kwamba sumu hiyo haina harufu.

Sasa tupime. Mtu mzima anayekula ugali mchana na jioni umwekee nusu kilo ya mahindi kwa siku, ambayo kwa mwaka ni kilo 180 na ushee. Mtoto umwekee nusu ya hiyo. Baba, mama na watoto wanne wanahitaji kilo 730 hivi. Hayo ni magunia saba ya kilo 100 na debe moja na nusu. Ongeza gunia kwa ajili ya wageni, misiba na vibarua, na jingine kwa mchango wa chakula cha shule. Unakaribia tisa na nusu. Kama mnakoboa kupata sembe, ongeza robo kufidia pumba, na hizo pumba mnazowapa kuku ndizo zenye vitamini nyingi. Haya ndiyo magunia ya kwanza kuingia ghalani, na yaingie kabla dalali hajatandika turubai lake. Kila mwaka namwona mkulima anayeuza debe bei ikiwa chini Julai kisha analinunua lilelile Februari kwa karibu mara mbili. Wenzetu wa Kagera wanaijua hasara hii kwa jina la butura, kahawa inayouzwa ikiwa bado maua.

Mahindi ya kuweka yawe makavu kweli. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hapokei yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, na jiko lako lisiwe na masharti hafifu kuliko ya serikali. Huna kipima unyevu? Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia chumvi kavu kiganja kimoja, jaza mahindi hadi nusu, tikisa dakika chache, kisha uiache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Ikianguka chini yote, yamekaribia; anika siku mbili zaidi kwa uhakika, kisha funga kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Humo dumuzi hufa bila dawa, ilimradi usiwe unafungua kila jioni kuchota.

Maharage yana hesabu nyepesi. Nusu kilo kwa chungu, mara nne kwa wiki, ni gunia moja kwa mwaka. Uyole Njano ina bei nzuri, iuze. Weka yale mekundu au ya mchanganyiko ambayo mnunuzi anayabeza; tumbo la mtoto haliangalii rangi.

Kwenye parachichi kuna chakula kingi kinachopotea. Hass lililokataliwa kwa udogo au kwa doa la ganda ni zima kabisa ndani. Badala ya kuyamwagia nguruwe yote, yaivishe ndani ya ndoo yenye ndizi mbivu mbili, umpondee mtoto aliyefikisha miezi sita. Mafuta yake husaidia mwili kunyonya vitamini A ya mboga za majani, kwa hiyo kipande kimoja kando ya mchicha kina maana kuliko kinavyoonekana. Na aliyepanda miche mwaka huu kwa nafasi ya mita saba kwa saba, ana miti 80 hivi kwa ekari na miaka mitatu ya ardhi iliyo wazi katikati. Panda maharage, njegere au viazi lishe vya rangi ya chungwa, ukiacha mita moja kutoka kwenye shina. Mahindi usiyasogeze, yanaufunika mche.

Maziwa: ya asubuhi yaende kituoni, ya jioni yabaki nyumbani. Ni utaratibu wa zamani wa wafugaji wengi na haujapata mpinzani.

Tubaki na ule mkupuo wenyewe. Siku malipo yanapoingia, kabla ya fundi bati kupigiwa simu, toeni fungu la mboga. Shilingi 10,000 kwa wiki, kwa wiki 30 za kuanzia Septemba, ni 300,000. Mpe anayepika, kwenye simu yake au kikundi chake cha VICOBA. Najua baba wengine wanakunja uso hapa. Lakini kule Gambia, mradi wa mpunga wa Jahally-Pacharr wa miaka ya 1980 ulikuta mpunga ni zao la akina mama. Mavuno yalipopanda, likageuka zao la familia chini ya mamlaka ya wanaume, na kina mama wakapoteza sehemu kubwa ya kauli juu ya ghala. Asiyependa kutoa fedha taslimu anunue vitu: nusu gunia la dagaa wakavu wasio na mchanga, mitetea sita, na kama unalima alizeti, magunia mawili ya kukamulia mafuta ya nyumbani badala ya kuuza mbegu zote.

Mbegu za maboga zioshwe na kukaushwa kivulini wiki hii, zisianikwe juu ya bati, zinaungua. Zihifadhiwe kwenye karatasi pamoja na kilo kumi za maharage ya mbegu. Mvua za Novemba zikishika, pandeni boga moja kila hatua tano katikati ya mahindi, upande ule ambao bomba la dawa halikufika.