Sumukuvu Kwenye Chakula cha Mifugo: Zijue Namba Zake
Kijitabu cha kaya za Sugar Land na maeneo jirani ya Houston

Kijitabu hiki ni cha kaya zinazofuga kuku uani, zenye mbuzi au ng'ombe shambani nje ya mji, au zinazonunua maziwa na mayai kwa mfugaji.

Wengi wetu tumekua tukiona mahindi yaliyoota kuvu yakikataliwa jikoni, kisha yanamwagiwa kuku. Tuache desturi hiyo. Sumu humdhuru mnyama kwanza, na sehemu yake hurudi mezani kwetu.

Sumukuvu ni nini?
Sumukuvu tunayoizungumzia hapa ni aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus flavus, hasa kwenye mahindi, karanga na mbegu za pamba. Kuvu huanzia shambani mimea inapopigwa na ukame na joto, kisha huendelea ghalani penye unyevu. Texas ina joto hilo, na unyevu wa pwani hutufikia hadi kwenye gereji. Kuchemsha hakuiondoi sumu hii. Huharibu ini na husababisha saratani ya ini. Mwaka 2004, Mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao walifariki.

Namba zinasemaje?
Maabara za Marekani huandika kipimo kwa ppb, yaani mikrogramu katika kilo moja. 20 ppb ni miligramu 20 tu ndani ya tani nzima. Kwa mahindi na karanga za mifugo, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) imeweka mipaka hii, kwa ppb:

- 20: wanyama wa maziwa, na wanyama wachanga wakiwemo vifaranga
- 100: kuku wakubwa, ng'ombe wa nyama wa kuzalisha, na nguruwe wa kuzalisha
- 200: nguruwe wa kunenepesha, kuanzia kilo 45
- 300: ng'ombe wa nyama katika kipindi cha kunenepeshwa

Kwa hiyo usiulize tu, "Kina sumu kiasi gani?" Uliza pia, "Atakula nani?" Ng'ombe wa maziwa akila sumu hii, ini lake hugeuza sehemu yake kuwa aflatoksini M1, nayo hutoka kwenye maziwa. Mpaka wa maziwa ni 0.5 ppb. Chakula kinachoruhusiwa kwa dume la kunenepeshwa chaweza kuharibu maziwa ya mtoto wako.

Macho hayapimi
Mahindi yanayong'aa yanaweza kuwa na sumu, na yenye kuvu yanaweza kuwa nayo kidogo. Punje chache zaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, hivyo konzi moja haitoshi kupima. Chota juu, katikati na chini ya kila gunia, changanya, kisha peleka maabara.

Fanya hivi nyumbani
- Nunua kinachoisha ndani ya wiki chache. Tunza lebo yenye namba ya toleo.
- Soma lebo: chakula cha ng'ombe wa nyama usimpe kuku, mbuzi wa maziwa wala mbwa.
- Weka gunia juu ya mbao, mbali na ukuta, au kwenye pipa kavu lenye mfuniko.
- Kilicholowa kwa mafuriko, kama yale ya kimbunga Harvey mwaka 2017, tupa. Kukianika hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia.
- Usichanganye kibovu na kizima ili kupunguza ukali.

Dalili za kuangalia
Kuku wanadumaa au utagaji unapungua. Mbuzi anakataa chakula, maziwa yanashuka. Mbwa anatapika, ufizi na macho yanageuka manjano. Maradhi mengine pia huleta dalili hizi, kwa hiyo mwite daktari wa mifugo.

Ukishuku chakula
Acha kulisha mara moja, na maziwa ya mnyama huyo yasinywewe mpaka daktari aseme. Tunza mfuko na lebo. Wasiliana na ofisi ya Texas A&M AgriLife Extension ya kaunti yako, au Ofisi ya Mkemia wa Jimbo la Texas iliyoko College Station, inayosimamia vyakula vya mifugo jimboni. Ofisi hiyo imefanya kazi pia na wasagishaji wa unga Kenya kupima sumukuvu, kupitia mpango wa APTECA. Unapomwaga chakula kibovu vaa barakoa, kifunge kwenye mfuko, na usimgawie jirani.