Ukishuka, Shuka Nayo

Haya wadogo zangu, leo nina maneno na ninyi mnaojifunza baiskeli ya gurudumu moja. Mmoja wenu ananiuliza afanye nini, maana mwenye nyumba amempiga marufuku uani baada ya baiskeli kuchubua rangi ya mlango wa gari lake. Pole, mdogo wangu. Lakini usiniambie ajali haina kinga. Hii inayo.

Kinachoharibu mali za watu mara nyingi si wewe. Wewe unatua kwa miguu, unacheka. Ni baiskeli uliyoiachia. Ukiangukia mbele, inafyatuka kwenda nyuma. Ukiangukia nyuma, inachomoka kwenda mbele. Kwa hiyo kabla hujajua kwenda, jua kushuka. Ukishukia nyuma, mkono mmoja ushike ncha ya mbele ya kiti. Ukishukia mbele, shika ncha ya nyuma. Rudia hadi mkono uende wenyewe bila kuambiwa.

Sasa mahali. Mwanzoni utahitaji cha kushikilia: ukuta, uzio imara, au bega la rafiki. Gari si ukuta, na dirisha la kioo ndiyo kabisa. Hakikisha mbele pako wazi, na nyuma pia, maana wengi husahau nyuma. Tena pedali za baiskeli hii zimeungana moja kwa moja na gurudumu, na nyingi hazina breki. Unapunguza mwendo kwa miguu, taratibu. Ukikaza ghafla utarushwa mbele, basi anza kupunguza ukiwa bado mbali.

Na vifaa navyo vina maneno. Pedali za chuma zenye meno hushika kiatu vizuri, ila hukwangua sakafu, na ugoko wako hauponi. Anayejifunza zinamtosha za plastiki, na gurudumu la inchi 20. Kama mnafanyia mazoezi ukumbini, tairi jeusi huweza kuacha michirizi sakafuni. Tafuteni la rangi lisiloacha alama, na mlifute mchanga kabla ya kuingia.

Angalia pia kiti kisigeuzwe nyuma mbele. Kikigeuzwa, pedali ya kushoto inakuwa kulia, na kadiri unavyoendesha zinajifungua zenyewe hadi ziharibu matundu zilimofungwa. Hiyo nayo ni mali, na ni yako.

Tukirudi kwa mwenye nyumba: nenda kwake kabla hajakuita tena, uongozane na mzazi. Omba radhi bila kuisingizia baiskeli. Ulizeni fundi rangi anataka kiasi gani, mkubaliane mtalipaje, hata kama ni kidogo kidogo. Ruhusa ya uani usiiombe siku hiyo. Iombe deni likiisha, na mazoezi yawe saa ambazo gari limetoka.